Sauti ya Pili ya Nanjala

Mke wangu ameliondoa bakuli la sukari mezani. Anasema tangu asubuhi nalisukuma mbele na nyuma na sukari inamwagika. Si mimi, ni mkono. Mkono huu umesukuma vishikio vya meza ya kuchanganyia sauti tangu nilipokuwa na nywele, na hakuna aliyeuambia kwamba tumestaafu. Huku Murera tulikojenga kuna utulivu ambao wageni wetu husifu sana. Mimi haunisaidii. Pampu ya jirani ikianza nasimama. Mbwa akibweka kwa sauti iliyo chini kidogo ya ile ya jana, nataka kujua ana nini. Basi nimeona niwaandikie nyinyi vijana mnaorekodi nyimbo chumbani kwa kompyuta, kabla sijahamia kwenye vikombe.

Nataka kuwaeleza juu ya albamu ya mwisho niliyorekodi, ile ya roki ya Nanjala. Ndiyo, roki, gitaa likipiga kelele kama mlango wa bati. Na mwenye albamu alikuwa mama mwenye wajukuu.

Sauti ya Nanjala mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Mama zenu wakisukuma chapati huimba nyimbo za Selina, yule mwimbaji wa Thika wa zamani. Selina anaimba juu, na chini yake kuna sauti nyingine inayotembea naye neno kwa neno, haimwachi wala haimpiti. Hiyo ndiyo ya Nanjala. Wote wawili walitoka magharibi wakiwa wasichana, wakaajiriwa kiwanda kimoja cha nguo pale Thika, na wikendi wakaimba hotelini na bendi. Bendi yenyewe iliitwa kwa jina la Selina. Kwenye kaseti kulikuwa na picha ya Selina. Nanjala alikuwa kwenye picha pia, lakini mwenye kuchapisha alimkata bega ili maandishi yaenee.

Maikrofoni ilikuwa moja, ndiyo hali ya siku hizo. Mwenye sauti ya kwanza anasimama katikati, mwenye ya pili anasimama pembeni, nusu hatua nyuma, akiinamisha kichwa ili apate kuingiza mdomo. Hivyo ndivyo tulivyosawazisha sauti, kwa miguu. Mtu akiwa mkubwa mno, mwambie arudi nyuma. Leo mna maikrofoni ya kila ngoma na bado nyimbo zenu zinasikika kama watu wanaogombana sokoni, lakini tuache hayo.

Aliyenifundisha kazi ni mzee tuliyemwita Mkasi, kwa sababu alikata kanda kwa wembe lakini kila mara alikuwa akitafuta mkasi. Kanda ilikuwa utepe, na kosa lilikatwa kwa mkono, kisha vipande vikaunganishwa kwa gundi. Siku moja alikata mstari vibaya na neno zima likaanguka kwenye pipa la taka. Mwimbaji alikuwa ameshapanda basi kurudi kwao. Tulimwaga pipa sakafuni tukachakura kati ya karatasi za mandazi hadi tukalipata lile neno, refu kama kidole, lina mafuta. Tulilipangusa, tukalirudisha, na wimbo ukachezwa redioni. Nyinyi mnabonyeza kitufe kimoja na kosa limefutika, ndiyo maana hamwogopi chochote.

Mkasi alinipa kanuni nyingi, nyingine za uongo mtupu, lakini moja niliishika. Alisema sauti ya pili ni chumvi. Ikikosekana kila mtu atajua, lakini ukiionja peke yake umeshazidisha. Isiipite ya kwanza kamwe. Miaka yote niliyomrekodi Nanjala, kidole changu kilikuwa kwenye kishikio chake, kikimweka mahali pa chumvi. Ndiyo kazi, na niliifanya vizuri.

Kisha nyakati zikageuka, hoteli zikaacha bendi zikaweka runinga za mpira. Selina akaingia kwenye nyimbo za injili, akapanga nyumba Kiandutu karibu na kanisa lake. Nanjala akahamia Kiuu kwa mwanawe. Mimi nikafungua chumba changu cha kurekodi Ruiru, ghorofa ya kwanza, juu ya kinu cha unga cha Njoroge. Msiniulize kwa nini juu ya kinu. Ulizeni mwenye nyumba alikuwa na chumba kingine wapi.

Albamu ilianzia ukutani. Upande wa pili wa ukuta wa Nanjala pale Kiuu alikuwa amepanga kijana anayeitwa Kevo, mpiga gitaa wa roki, nywele zimesimama, suruali imepasuka magoti kwa makusudi. Plot nzima, yaani wapangaji wote wa pale, ilikuwa imemchoka. Jioni moja alisikia mlango ukigongwa, akafungua akiwa tayari kuomba msamaha, akamkuta Nanjala na leso kiunoni.

"Shosho, pole, nazima saa hii," Kevo akasema.

"Sikuja uzime," Nanjala akamwambia. "Nimekuja uniambie hiyo kitu inaitwa nini. Na mimi si shosho, mimi ni kukhu, kwetu nyanya haitwi shosho."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku alipopanda ngazi zangu akihema, Kevo nyuma yake na gitaa mgongoni. Alikaa kwenye kiti, akanywa maji, akanieleza mambo moja kwa moja kama kawaida yake. Daktari ameona uvimbe kwenye koo, pale sauti inapotengenezwa. Atapasuliwa mwezi unaofuata. Uvimbe wenyewe haukuwa mbaya, lakini baada ya kisu sauti inaweza kurudi au isirudi.

"Sasa, Fundi, nimeimba nyuma ya mtu maisha yangu yote," alisema. "Nimeimba polepole, nimeimba nikiangalia mdomo wa mwingine. Nataka mara moja niimbe yangu, mbele, na kwa kelele. Nimetunga. Huyu mtoto atapiga. Wewe utarekodi?"

Nilimwuliza kwa nini roki na si nyimbo zetu. Akasema nyimbo zetu zinamtaka mtu atabasamu, na yeye hataki kutabasamu. Hapo nilijua kazi ipo.

Basi tulianza, na hapa kuna mambo ya kuwafundisha. Trei za mayai ukutani hazizuii sauti ya nje, hata mzipange hadi darini. Zinapunguza mwangwi kidogo na kukuletea mende. Mablanketi mazito ya sufu ndiyo dawa, yaliyokunjwa mara mbili, tena yasiguse ukuta. Lakini hakuna blanketi linalozuia kinu cha unga, kwa hiyo mimi na Njoroge tulikuwa na mapatano ya zamani. Nikitaka kurekodi natundika kitambaa chekundu dirishani, naye anazima. Kikiondoka, anasaga. Wateja wake, akina mama wenye ndoo za mahindi, walikuwa wakikaa kwenye ngazi wakisubiri sanaa iishe ndipo wapate unga. Wengine walinitukana kwa Kikuyu, wengine kwa Kiluhya, na wote nilikuwa nawasikia kwa sababu kazi yangu ni kusikia.

Mwenye kipaza sauti anayeuza dawa ya panya na mende hakuwa na mapatano na mtu. Wimbo wa kwanza tuliomaliza vizuri, Nanjala aliposhusha mstari wa mwisho na gitaa likanyamaza, ikaingia wazi kabisa sauti ya yule bwana ikiuliza kama mende wanakusumbua. Kevo alitaka tuiache. Alisema ni roki kuliko chochote alichopiga yeye.

Shida kubwa ilikuwa miguu ya Nanjala. Namweka katikati ya maikrofoni, naingia kwenye chumba changu, nikitazama kupitia kioo namkuta ameshasogea kulia. Nilichora alama ya chaki sakafuni, akaanza kwenye chaki, akamalizia pembeni. Nilimgombeza. Alinigombeza pia, akisema maikrofoni ndiyo inayosogea. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa na wasiwasi ambao sikuwa na jina lake. Nyimbo hazikuwa zinakaa. Zilikuwa na nguvu, maneno yalikuwa mazuri, Kevo alipiga kama amefumaniwa, na bado kila mstari ulipoisha ilikuwa kama mtu amekanyaga ngazi ambayo haipo.

Kevo alikuwa na jibu, vijana huwa mna jibu. Siku Nanjala alipokwenda kliniki akanivuta pembeni, akaniita babu kwa Kikuyu kama kawaida yake.

"Guka, si uniambie ukweli. Shosho ako off. Kila mwisho anaangukia chini kidogo. Ni hiyo koo. Wacha niiweke kwa machine niinyooshe, hata hatajua."

"Atajua," nikasema.

"Na asipojua?"

"Mimi nitajua, na mimi silali vizuri hata bila hiyo."

Nilizunguka kile chumba. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha maikrofoni, nikalaumu stima ya Ruiru. Operesheni ilikuwa inakaribia na nilikuwa na nyimbo nane zilizopinda. Mwishowe nilizicheza zote kwa spika kubwa, nikafungua dirisha nipate hewa, nikasahau kuondoa kitambaa chekundu. Chini kinu kilikuwa kimezimwa na akina mama walikuwa kwenye ngazi na ndoo zao, hawana la kufanya ila kusikiliza. Katika wimbo wa tatu mmoja wao akaanza kuguna wimbo. Hakuwa akifuata sauti ya Nanjala. Alikuwa juu yake, hatua chache juu, akitembea naye neno kwa neno. Mwingine akaingia hapo hapo alipo yule wa kwanza. Na wimbo ukakaa. Mwisho wa mstari ukatua sawasawa, kama mfuniko kwenye sufuria.

Nilikaa chini. Nanjala hakuwa amekosea hata noti moja. Alikuwa akiimba sauti ya pili. Nyimbo alizozitunga mwenyewe, za albamu yake peke yake, alikuwa ameziimba zote chini ya mtu ambaye hakuwepo, na akamwachia nafasi hata kwenye maikrofoni. Kevo alipokuwa akijifunza zile nyimbo, Nanjala ndiye aliyetikisa kichwa hadi gitaa likatua mahali alipotaka, na alipopataka ni pale ambapo Selina angesimama. Akina mama wa ngazini, waliokua wakisikia zile kaseti, walisikia pengo wakalijaza bila kufikiri.

Ilibidi aambiwe. Kuna mafundi ambao wangenyamaza, na sikuwa na hamu ya kuwa mmoja wao. Alipokuja nilimchezea wimbo, nikamwimbia juu yake kwa sauti yangu mbaya ili asikie. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo hata nikiwa peke yangu, niko nyuma ya Selina," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, umeimba." Akasimama. "Na wewe ndiye uliyekuwa ukinishusha miaka yote, na kidole chako. Sasa umefurahi?"

Akashuka ngazi. Nilimsikia akiwapita akina mama wa unga bila kuwasalimia, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Hakurudi siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Simu hakushika. Nilisafisha meza ya sauti kwa mswaki. Nilipanga nyaya, nikazipangua. Nilifikiri kumpigia Selina aje aimbe ile ya juu, kwani albamu ingekuwa tamu na kila mtu angeinunua, na nilijua kwamba nikifanya hivyo sitaweza kumtazama Nanjala tena. Kuna wakati jibu rahisi ndilo la aibu. Kumrudia Nanjala kumwomba aimbe ya kwanza pia hakukuwa na maana, koo halikuwa na nguvu ya kujifunza njia mpya na siku zilikuwa zimekwisha.

Nilimweleza Kevo yote. Alikaa sakafuni na gitaa, nywele zimelala siku hiyo, akawa anacheza sauti ya Nanjala kwenye kompyuta na kutafuta chini yake kwa vidole. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Kila wimbo una nyumba, yaani ule mlio ambao gitaa hurudi kupumzika. Nyumba ya nyimbo zile ilikuwa imejengwa kwa ajili ya Selina. Nanjala alikuwa akimaliza mstari chini yake, nje kwenye baridi.

"Guka," Kevo akasema polepole, "na tukihama sisi? Yeye abaki hapo hapo. Mimi nishuke, nifanye pale anaishia ndio iwe home. Inaenda minor."

"Ile ya huzuni?"

"Zii," akakataa. "Skia."

Akapiga. Mlio ule wa chini, ambao watu wa kanisani huuogopa, ukaingia chini ya sauti ya Nanjala, na sikuamini masikio haya ambayo yamenilisha maisha yote. Hatukugusa hata pumzi yake moja. Sauti ileile, siku ileile, na sasa ilikuwa mbele, imesimama kwa miguu yake miwili, na haikuwa na huzuni. Ilikuwa na hasira. Kevo alirekodi upya magitaa yote, vidole vikamtoka malengelenge. Nikakaa kwenye meza, nikashika kile kishikio nilichokuwa nakishusha miaka na mikaka, nikakipandisha.

Nilikwenda Kiuu mwenyewe kumleta. Alikuja kwa sababu nilikataa chai, na kukataa chai nyumbani kwa Nanjala ni jambo zito. Alikaa kwenye kiti chake, nikacheza wimbo wa tatu. Ulipoisha nikacheza wa nne. Hapo akageuka.

"Nani amebadilisha sauti yangu?"

"Hakuna aliyeigusa," Kevo akasema. "Tulihamisha guitar. Wewe uko vile ulikuwa, kukhu."

Nanjala aliomba ule wa tatu urudiwe, kisha urudiwe tena. Nilipomtazama nikaona machozi yanashuka na yeye hayafuti. Nami pia nililia kidogo, sifichi. Akasema sasa anaweza kwenda hospitali.

Alikwenda, wakampasua, uvimbe ukatoka. Sauti haikurudi. Daktari alimkataza hata kunong'ona kwa muda mrefu, akawa anatembea na kitambaa shingoni akijibu watu kwa macho, na kwa macho Nanjala anatukana vizuri kuliko wengi kwa mdomo.

Tuliizindua albamu Thika, ukumbi wa Makongeni, Jumamosi mchana. Nilikuwa sina raha tangu asubuhi. Spika za kukodi zilikuwa zikiguna, nikazizunguka nikigusa kila waya. Mwenye albamu hawezi kuimba, kwa hiyo tungefanya nini, tukae tuitazame spika? Mpango ulikuwa Kevo na wenzake wapige jukwaani, sauti itoke kwenye kompyuta, na Nanjala asimame tu watu wamwone. Watu walikuja, vijana wa roki wenye fulana nyeusi, na akina mama wa kinu cha unga waliomfungisha Njoroge kinu wakaja naye. Tulipokuwa karibu kuanza, mlangoni akaingia Selina na fimbo yake.

Hatukumwalika. Alisikia tangazo. Ukumbi ulimtambua, watu wakaanza kumshangilia, na nilimwona Nanjala jukwaani akifanya kitu ambacho mwili wake ulikuwa umekizoea. Akasogea kulia, nusu hatua nyuma. Nikajisemea basi, tumekwisha.

Wimbo ukaanza. Sauti ya Nanjala ikatoka kwenye spika, kubwa na kavu. Selina alipandishwa jukwaani na vijana wawili, akapewa maikrofoni bila kuiomba. Alifika akaona ile nafasi ya katikati, wazi, inamngoja kama zamani. Akamshika Nanjala mkono, akamvuta hadi katikati. Nanjala akakataa kwa kichwa, Selina akamvuta tena. Kisha yeye akaenda pembeni, upande wa kulia.

Akafungua mdomo. Kwa mazoea sauti yake ilipanda juu, kule kwake, neno moja tu, akajikata. Akatikisa kichwa. Akashuka akitafuta, akakosa, akashuka tena, na mimi nikiwa nimebana pumzi kwa sababu mtu huyu hakuwahi kuimba sauti ya pili maishani mwake na hakujua ilipo. Alikuwa akiutazama mdomo wa Nanjala ili apate kumfuata. Na Nanjala, bila kutoa mlio, alikuwa akiyatamka maneno yake yote polepole, kumwonyesha njia.

Katika mstari wa mwisho akaipata. Ikakaa chini ya sauti ya Nanjala, inatetemeka kidogo, haimwachi wala haimpiti.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kishikio cha Selina. Watu wa mbele walinipigia kelele nimwongeze, hawamsikii vizuri. Nilimwongeza kidogo, kiasi cha chumvi, nikaondoa mkono.